Shosti, kabla fundi hajakata alumini

Shosti yangu,

Ramani nimeipata, na ile meseji yako ndefu nimeisoma yote mpaka mwisho. Umeuliza kitu kimoja tu, kuweka madirisha ya alumini ya slaidi, yale ya kuvuta pembeni, nyumba nzima ni sawa au sio sawa, na jibu langu ni sio sawa. Ila najua jibu la hivyo bila maelezo halikusaidii maana shem keshazipenda na fundi keshapima, kwa hiyo nimeona nikuandikie barua kabisa badala ya voisi, ukae nayo, umsomee na shem, mbishane humohumo ndani mpaka mwelewane kabla hamjatoa oda. Dirisha likishakaa ukutani na plasta ikishapigwa, kulibadilisha ni kubomoa.

Kwanza acha kuyaangalia madirisha yakiwa yamefungwa. Picha zote ulizonitumia yamefungwa, yanang'aa, yamependeza, na nakubali slaidi ikiwa imefungwa inapendeza kuliko nyingi. Ila nyumba mtu anaishi madirisha yakiwa wazi, hasa usiku wa joto, na hapo ndo kila aina inaonyesha tabia yake. Slaidi ya vipande viwili hata uivute mpaka mwisho, kipande kimoja kinaenda kujificha nyuma ya mwenzake, basi nusu ya dirisha iko imezibwa muda wote, mchana na usiku. Dirisha lako la masta, chumba chenu kikubwa cha kulala, kwenye ramani lina upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.2, jumla mita za mraba 2.16, umelipia tundu lote hilo, umelipia lenta, ile boriti ya juu yake, umelipia kioo, umelipia grili, alafu hewa unayopata ni ya kama mita moja ya mraba na ukitoa fremu inashuka chini ya hapo. Weka sasa wavu wa mbu, na wavu lazima uweke, nao unapunguza upepo sana, na unapunguza zaidi pale upepo wenyewe ukiwa hafifu, yaani usiku, muda ambao unauhitaji kuliko muda wowote. Kuna slaidi za vipande vitatu kwenye reli tatu, hizo vipande viwili vinajificha nyuma ya kimoja unapata theluthi mbili, kama shem hataki kabisa kusikia kitu kingine basi angalau muulize fundi hizo.

Sasa lile dirisha la bawaba, linalofunguka nje kama mlango. Lenyewe likifunguka limefunguka, unapata karibu tundu lote. Na lina kitu kingine ambacho watu hawakisemi mara nyingi: upepo sio lazima uje unakutazama usoni, mara nyingi unapita pembeni unaambaa na ukuta na kwenda zake, slaidi hapo haina la kufanya, ila kipande cha bawaba kikiwa kimesimama wazi kinaudaka ule upepo na kuugeuzia ndani. Ila ili kiudake, bawaba ziwe upande ule upepo unakoelekea, ili ile kona inayofunguka itazame upepo unakotoka, ukizigeuza kinausukumia nje. Hii ni bure kabisa shosti, haiongezi gharama yoyote, ni kumwambia tu fundi bawaba weka kushoto au weka kulia, na watu wengi hawasemi kwa hiyo fundi anaweka vile mkono wake ulivyozoea. Nenda saiti jioni, simama kwenye lile tundu la masta, sikiliza upepo unatokea mkono gani, rudia siku nyingine na asubuhi pia, alafu ndo uamue.

Nakujua utaniuliza mbona hayo ya bawaba mafundi wanayakwepa. Yana shida zake na sikufichi. Slaidi uzito wake unakaa chini kwenye roli, vile vigurudumu vyake, ila la bawaba uzito wote unaning'inia pembeni, na kioo ni kizito jamani, kila mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5, kwa hiyo kioo cha milimita 6 ni kilo 15 kwa mita moja ya mraba. Ukigawa lile dirisha la masta vipande viwili tu vya sentimita 90, kila kimoja kinabeba kioo cha kilo 16 na zaidi kabla hata hujahesabu fremu, baada ya muda kinaanza kulala, kinakwaruza chini, komeo halikai. Mimi ningeligawa mara tatu, sentimita 60 60 60, katikati fiksi, yaani kioo kisichofunguka, na pembeni kote kuwili kunafunguka, hapo kila kipande kioo chake ni karibu kilo 11, bawaba zinatulia, na uwazi unapata mita za mraba 1.44 kabla ya kutoa fremu. Bado unaipiku slaidi kwa mbali, na ile fiksi ya katikati inakupa hako kamuonekano ka kioo kipana anakokapenda shem.

Alafu stei, ule mkono wa chuma unaoshikilia kipande kisipigwe na upepo. Hapo usikubali za bei chee. Upepo mkali ukikipiga kipande kisichoshikwa vizuri kioo kinaondoka siku hiyohiyo. Zipo zile stei za kuslaidi ndani ya fremu ambazo zenyewe ndo bawaba, zinakaza kidogo kidogo kwa hiyo kipande kinakaa popote unapokiacha, na nyingine zikifunguka zinaacha nafasi upande wa bawaba mkono wako unapita unasafisha kioo kwa nje ukiwa ndani. Za juu ghorofani omba hizo. Slaidi ya ghorofani kile kipande kisichosogea, upande wake wa nje, hakuna mkono unaofika, wewe mwenyewe unavyopenda usafi utateseka nacho.

Grili na wavu ndo sehemu yenye ugomvi wote na ndo inabidi muikalie vizuri. Dirisha likifunguka nje, grili inakaa ndani, na wavu nao unakaa ndani. Sasa mkono unapitaje kufungua? Ukifunga wavu wa kudumu ndani umejifungia dirisha lenyewe, litabaki kama mlivyoliacha. Kwa hiyo wavu uwe na fremu yake ya bawaba au uwe wa kuslaidi, na grili achieni nafasi ya mkono pale komeo lilipo, mchoreeni fundi wa grili kabisa na mpimieni kutoka kwenye dirisha halisi, sio kwenye ramani. Kwa slaidi haya yote hayapo, wavu unakaa kwenye reli yake, grili unaweka ndani au nje unavyotaka, na kusema ukweli hii ndo sababu kubwa slaidi zimependwa kila mahali, inamrahisishia kila mtu kazi. Siidharau sababu hiyo, ila tusimrahisishie fundi kazi ya wiki alafu sisi tulale na joto miaka yote.

Kwa hiyo slaidi weka wapi? Weka pale sebuleni dirisha linalotazama baraza. Pale watu watakaa, watoto watakimbia, kipande cha bawaba kikitokeza nje ni kichwa cha mtu tu hicho kinasubiriwa. Na lile la koridoni karibu na ngazi pia weka slaidi. Lakini kagua vitu vitatu. Chini kwenye reli kuna vitundu vidogo vya kutolea maji nje, fundi asisahau kuvitoboa na asije akaviziba kwa silikoni, na nyie vumbi likijaa mvizibue, maana mvua ikipiga reli inajaa maji na yasipopata pa kutokea yanamwagikia ndani ukutani. Pili roli, ziwe nzuri na zinazoweza kubadilishwa, kwa sababu slaidi ikianza kuwa nzito ni roli au ni mchanga kwenye reli. Tatu, na hii mwambie shem maana ndo anayeongelea usalama, kipande cha slaidi kinaingizwa kwenye fremu kwa kukinyanyua, basi na mwizi anaweza kukinyanyua akakitoa, kwa hiyo kuna vizuizi vidogo vinafungwa juu kuzuia kisinyanyuke, waulize kama vimo.

Ile sebule yenu ndo imeninyima raha kuliko vyote. Sebule na dining mmeziunganisha, kutoka dirisha la mbele mpaka ukuta wa nyuma ni mita 9, na huko nyuma hakuna dirisha hata moja. Wachora ramani wana kipimo chao cha kukadiria, chumba chenye madirisha upande mmoja tu hewa inaingia vizuri mpaka umbali wa kama mara mbili ya kimo cha dari, na chenye madirisha pande mbili zinazotazamana inafika kama mara tano. Dari yenu ni mita 2.8. Mara mbili ni 5.6. Maana yake pale mlipoweka meza ya kulia hewa itakuwa imetuama, na haitajalisha mbele umeweka dirisha la aina gani, liwe la slaidi liwe la bawaba liwe pana ukuta mzima, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Tafadhali toboeni ukuta wa nyuma. Hata dirisha dogo, refu kwenda juu, hata lile la juu karibu na dari, hewa ya moto inapanda, ikikuta tundu juu inatoka na inavuta ya baridi iingie kwa chini. Hapo nyuma ndo ningekuwekea lile la kuning'inia, bawaba ziko juu unalisukuma kwa chini linatokeza nje.

Hilo la kuning'inia watu wanalijua la chooni tu na wanalionea. Mvua ikinyesha ya kawaida unaliacha wazi, kioo chenyewe ndo kinakuwa paa dogo, maji yanateleza nje na hewa inaendelea kuingia. Ubaya wake halifunguki sana, linaacha mwanya tu, kwa hiyo usilitegemee peke yake chumba cha kulala. Bafuni weka hilo, juu, kioo cha ukungu, usilifunge siku nzima unyevu utoke. Juu ya sinki jikoni nako ni zuri, unasukuma tu, slaidi pale inakubidi ulalie kaunta ndo uivute. Na jikoni mkitumia gesi ya mtungi, ile gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu linatoa moshi na mvuke wa mapishi tu ila gesi halitoi, mwambieni fundi aache na tundu la hewa chini ukutani lenye kawavu, linalotokea nje moja kwa moja.

Luva je, yale madirisha ya vipande vyembamba vya kioo vilivyopangana, unavilaza na kuvisimamisha kwa mkono mmoja. Najua ukisikia luva unaona nyumba ya zamani. Mimi nazitetea. Zikilala zote bapa unapata hewa karibu ya tundu zima, zikiinama hewa inaingia na mvua ndogo inabaki nje, wavu na grili havigombani nazo, na mama, ambaye umesema chumba chake kitakuwa chini na mikono inamuuma, kale kamkono kadogo atakashusha mwenyewe bila kumuita mtu, mradi kawekwe upande wake na kimo anachofikia. Slaidi yenye mchanga kwenye reli hataiweza. Ubaya wake ni kwamba hazifungi kabisa, vumbi linaingia, kelele zinaingia, kila kipande unafuta peke yake, na vipande vya kioo vinachomoleka kwenye vishikizo vyake kwa hiyo bila grili ya maana ni mlango. Chumba cha AC usiweke, baridi yote inatoka. Ila stoo, sehemu ya kufulia, na chumba cha mama kama hamna mpango wa kumwekea AC, fikirieni. Muulizeni na yeye, ndo atakayelala humo.

Kwenye AC nimalizie hapohapo. La bawaba likifungwa linakandamiza raba kuzunguka fremu yote na komeo linakaza, hewa haipiti na kelele zinapungua. Slaidi haiwezi kukandamiza maana inabidi iteleze, inategemea vile vibrashi vya manyoya, na brashi zinachakaa. Chumba chenu cha masta kiko upande wa barabara, mnataka AC, mnataka usingizi. Kwa hiyo hata kwa kufungwa, la bawaba ndo lenyewe, sio kwa kufunguliwa tu.

Sasa watoto, na hapa naomba usome taratibu. Chumba chao kiko juu. Dirisha la juu la watoto lina mambo mawili yanayovutana. La kwanza wasianguke, kwa hiyo kuna kizuizi kinafungwa kwenye kipande kisifunguke zaidi ya sentimita 10, mtu mzima ndo anajua kukiachia, na kitanda au kabati fupi visikae chini ya dirisha watoto wakapandia. Wavu sio kinga, wavu umetengenezwa kwa ajili ya mbu, mtoto akiuegemea unaachia. La pili, moto ukitokea na ngazi zikajaa moshi wanatokea wapi? Shem anataka grili ya kuchomelea kila dirisha na namuelewa kabisa, wizi upo, lakini grili ya kuchomelea kila chumba maana yake siku ya moto hakuna pa kutokea. Kila chumba cha kulala kiwe na angalau grili moja yenye bawaba inayofunguka kutoka ndani, na kama ina kufuli basi funguo ikae chumbani humo mahali pamoja kila mtu anapajua, mkono wa mwizi wa nje haufiki. Na tundu liwe la mtu kupita kweli. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka dirisha la kutokea wakati wa moto liwe na uwazi usiopungua mita ya mraba 0.33, upana na kimo visipungue milimita 450, na sehemu ya chini ya uwazi isizidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Sio lazima mfuate za Uingereza, ila chukueni hivyo vipimo mvipeleke kwenye ramani yenu muone. Dirisha la watoto mlilochora lina upana wa mita 1.2, kwa slaidi ukitoa fremu unabaki na sentimita 55 hivi, inapita kwa shida kwa mtu mzima anayewabeba. La bawaba unapata njia pana. Mimi hapa sina njia ya kati, chumba cha watoto weka la bawaba, kizuizi, na grili inayofunguka.

Yale aliyokuonyesha shem kwenye video, yanayofungukia ndani kwa namna mbili, unageuza komeo linalalia ndani kwa juu, ukigeuza tena linafunguka lote kama mlango, ni mazuri sana, Ujerumani ndo wameyazoea, yanafunga vizuri na unasafisha pande zote ukiwa ndani. Grili na wavu vinakaa nje bila ugomvi. Ila linakula nafasi ya ndani, pazia lazima likae mbali au lisogee pembeni kabisa, na vyuma vyake vina vipuri vingi, kama fundi wenu hajawahi kuyafunga usiwe wewe wa kwanza.

Kesho ukienda saiti nenda na chaki. Kila tundu la dirisha andika ukutani kitu gani, bawaba upande gani, linafunguka ndani au nje, wavu wapi, grili wapi. Fungua kwa mkono hewani uone kipande kitagonga nini, nguzo, bomba, mti, mtu anayepita. Mwambie fundi atengeneze dirisha moja tu la mfano kwanza, likiwa na kila kitu mpaka wavu na grili, mama alifungue, wewe ulifungue, shem alifungue, alafu ndo akate mengine. Akikataa kutengeneza moja la mfano basi msimpe advansi ya nyumba nzima.

Nitumie picha za hayo matundu na uniambie upepo unatokea wapi, ule ukuta wa nyuma wa sebule ndo naungoja kwa hamu zaidi. Msalimie sana mama, na shem mwambie sijamkatalia slaidi zake zote, mbili nimemwachia. Watoto wabusu.

Wako akupendaye,
shosti yako